Kiki au Selfu: Injini ya Babu Isitobolewe



Katika mdahalo wa Chama chetu cha Kiswahili muhula wa pili, hoja iliyoletwa ukumbini ilikuwa kwamba pikipiki ya zamani iliyotiwa selfu si pikipiki ya zamani tena. Mimi nilikuwa msemaji wa tatu upande wa kuunga mkono. Kengele ya chakula ilipigwa nikiwa katikati ya hoja yangu ya kwanza, na nyote mnajua kwamba kengele hiyo haina mpinzani shuleni humu. Mhariri amenipa kurasa hizi nimalizie. Namshukuru, na wale wasiopenda habari za grisi na plagi nawaomba wanivumilie kidogo.

Kwanza tuelewane. Kiki ni kile chuma cha ubavuni ambacho mwendeshaji hukikanyaga kwa kishindo ili kuizungusha injini mpaka iwake. Selfu ni mota ndogo ya umeme inayoizungusha injini hiyo hiyo kwa nguvu za betri. Wewe kazi yako ni kubonyeza kitufe kwa kidole gumba. Bodaboda nyingi zinazopita hapo langoni zina vyote viwili, na ndiyo maana wengi ukumbini waliiona hoja yetu kuwa ya mchezo. Asubuhi ya baridi mwendeshaji hupiga kiki ili kuihurumia betri, mchana akibonyeza kitufe. Pikipiki kongwe hazikupewa nafasi ya kuchagua. Nyingi zilitoka kiwandani na kiki peke yake, basi. Swali ni kama sisi tulio hai leo tuna haki ya kuziongezea kitu ambacho waliozitengeneza hawakukitia.

Kabla sijajibu, nina deni na mwenzangu mmoja. Msemaji wa kwanza wa upande wetu, mvulana ninayemheshimu sana katika somo la Hisabati, alisimama akasema kiki ni ya wanaume na selfu ni ya akina mama. Ukumbi ulipiga makofi mpaka mwalimu mlezi akagonga meza. Mimi ni msichana, nilikuwa nimeketi kiti cha pili kutoka kwake, na upande wangu ndio uliokuwa ukishangiliwa! Sitaki kushinda mdahalo wowote kwa hoja ya namna hiyo. Afadhali tushindwe.

Tena hoja yenyewe si kweli. Mwezi wa Desemba 1934 wanawake wawili wa Uingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki aina ya Panther yenye injini ya takriban sentimita za ujazo 600, silinda moja tu, ikiwa na kigari cha ubavuni na tela nyuma. Wakakata jangwa la Sahara. Wakafika Cape Town Julai 1935. Hakukuwa na kitufe kwenye usukani wa pikipiki ile. Kila asubuhi, mchangani, kwenye tope na milimani, ilikuwa ni mguu. Wallach alikuwa amesomea uhandisi, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuja kuwa tarishi wa pikipiki katika jeshi la Uingereza. Sasa huyo tumwambie nini? Kwamba angoje selfu?

Siri ni kwamba kiki haitaki misuli kama watu wanavyodhani. Inataka kujua. Hapa niruhusuni nieleze kwa kirefu, kwa maana ndipo penye utamu.

Babu yangu anayo Yamaha XT500. Aliinunua mwaka wa 1984 kutoka kwa padri aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Babu alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, na kwa pikipiki hiyo alizunguka Meru na kuteremka hadi Tharaka akitibu ng'ombe na mbuzi. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka wa 1976. Mashindano ya kwanza kabisa ya Paris hadi Dakar, yaliyomalizika Januari 1979, yalishindwa na Mfaransa Cyril Neveu akiwa juu ya pikipiki kama hiyo. Haina selfu. Ina silinda moja ya sentimita za ujazo 499, pistoni yenye upana wa milimita 87, na hewa inayoingia humo hubanwa mpaka ikabaki sehemu moja ya tisa. Ukiikanyaga kiki ovyo wakati pistoni inapanda kubana hewa, utadhani umekanyaga kisiki. Mimi nina kilo 52. Nikisimama juu yake kwa miguu yote miwili haishuki.

Babu alinifundisha likizo ya Aprili. "Mjukuu wangu, usipigane nayo," aliniambia. "Isikilize kwanza."

Hufanywa hivi. Unafungua petroli, unawasha ufunguo, na kama injini ni baridi unavuta choki. Unasukuma kiki polepole kwa mguu wa kulia mpaka ikatae. Hapo pistoni inapanda na hewa inabanwa. Upande wa kushoto wa usukani kuna kishikio kidogo, chini ya kile cha klachi. Ukikivuta, valvu ya kutolea moshi inafunguka kidogo na hewa iliyobanwa inapata pa kutokea. Kiki inalegea. Unaisukuma taratibu huku ukitazama kidirisha kilichoko kwenye kichwa cha injini, kidogo kama kifungo cha shati. Ndani yake alama ya rangi ya fedha itajitokeza. Ikitokea, maana yake pistoni imepita kilele kidogo tu. Unaachilia kishikio, unairudisha kiki juu kabisa, halafu unaikanyaga kutoka juu mpaka chini, mwendo mmoja, kwa uzito wa mwili mzima, bila kugusa mafuta. Tu! Tu-tu-tu-tu.

Kwa nini upite kilele? Mwalimu wetu wa Fizikia atafurahi kusikia kwamba nimelifikiria. Pistoni ikianzia hapo inashuka, inapanda kutoa moshi, inashuka tena kuvuta hewa na petroli, ndipo inapopanda kukutana na mbano. Yaani unaipa injini nafasi ya kukusanya kasi kabla ya kupanda mlima. Gurudumu zito lililomo ndani ya injini likishapata mwendo, ndilo linaloivusha pistoni, si paja lako. Ukianzia mahali pabaya unapambana na mlima tangu hatua ya kwanza. Mwanamume wa kilo 90 asiyejua hili atatoka jasho mpaka shati lilowe, na msichana wa kilo 52 anayejua ataiwasha kwa mpigo wa pili. Nimeona kwa macho yangu, tena si mara moja.

Sitaki mseme nimeficha ubaya wa kiki. Upo. Injini ikizungushwa polepole mno, cheche inaweza kulipua petroli kabla pistoni haijafika juu. Mlipuko unaisukuma pistoni irudi ilikotoka, na kiki inarudi juu kama teke la punda, mguu wako ukiwa juu yake. Watu wamevunjika vifundo vya miguu kwa njia hiyo. Yeyote anayesema kiki ni raha tupu hajawahi kuisimamia akiwa na ndara.

Na selfu nayo siidharau. Ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Pikipiki za Alfred Scott wa Uingereza, zilizoanza kuuzwa yapata mwaka wa 1908, ni miongoni mwa za kwanza kuwa na kiki. Kabla ya hapo watu walisukuma mbio wakarukia, au walipiga pedali kama za baiskeli. Miaka michache tu baadaye, mwaka wa 1914, kampuni ya Indian ya Marekani ilitoa pikipiki yenye selfu iliyoitwa Hendee Special. Betri za siku hizo hazikuuweza mzigo, na jambo hilo likaachwa. Magari yalikuwa yameshapata selfu mwaka wa 1912 kwa Cadillac, lakini gari lina nafasi ya kubeba betri kubwa. Pikipiki ilibidi ingoje.

Walioitengeneza selfu ikafanya kazi kwa watu wa kawaida ni Wajapani. Honda walipotoa Super Cub mwaka wa 1958, walitaka pikipiki ambayo hata kijana wa kupeleka chakula angeiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika sinia. Mwaka wa 1960 wakatoa ya selfu, C102. Hapo mlango ulifunguka. Mama mwenye sketi, mwalimu mwenye suruali iliyopigwa pasi, mzee wa miaka 60, wote waliweza kuondoka nyumbani bila kwanza kupigana miereka na chuma. Wamarekani wa Harley-Davidson walipotia selfu kwenye pikipiki yao kubwa mwaka wa 1965, waliona fahari hata wakaipa jina la umeme, Electra Glide. Mwaka wa 1969 Honda wakaja na CB750 ya silinda nne, yenye kitufe na kiki pamoja. Waingereza walichelewa. Norton waliitia selfu Commando mwaka wa 1975, tena ikawa dhaifu hata wenyewe wakaitania kuwa ni msaidizi wa mguu tu. Triumph Bonneville iliipata mwaka wa 1980, na kiwanda chake cha Meriden kikafungwa mwaka wa 1983. Sisemi kilifungwa kwa ajili ya selfu; magonjwa yake yalikuwa mengi. Lakini mteja aliyekwisha kuonja kitufe hakurudi nyuma.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama selfu ni kitu kizuri, nitajibu ndiyo, bila kusita. Mtu aliyepoteza mguu mmoja naye ana haki ya kuendesha, na kwake kiki ni ukuta. Kama pikipiki ilitoka kiwandani na selfu, iachwe na selfu yake na itunzwe. Hata ile ya kiki tu, kama mwenyewe hawezi kabisa na kuna namna ya kuifungia selfu kwa skrubu na kuiondoa kesho bila kuacha kovu, nani mimi nimzuie? Mashindano ya magari na pikipiki za zamani yaliyoanza Nairobi mwaka wa 1970, ambayo hufanyika kule uwanja wa farasi wa Ngong, yana waamuzi wake, na wao watampa alama wanazotaka. Mimi si mwamuzi.

Ugomvi wangu ni na msumeno.

Mjomba wangu ameleta fundi nyumbani. Fundi huyo ni hodari, sina la kumsengenya. Alichungulia injini ya Babu pande zote akasema inawezekana, ila itabidi kifuniko cha upande wa kushoto kitobolewe na kuchongwa ili mota ipate pa kukaa, gia ya ziada iingizwe na klachi ya upande mmoja, umeme wote ubadilishwe kutoka volti 6 hadi 12, na betri kubwa itafutiwe mahali chini ya kiti. Pesa aliyotaja inakaribia bei ya bodaboda kuukuu inayotembea. Mjomba akasema sawa. Goti la kulia la Babu limechoka kwa uzee, hawezi kukanyaga tena, na kwa maneno ya Mjomba, pikipiki isiyowaka ni kabati. Ama itiwe selfu ama iuzwe.

Neno hilo la kabati lilinichoma, kwa sababu lina ukweli. Nimeziona pikipiki za namna hiyo, zimefunikwa gunia nyuma ya ghala, kuku wanataga kwenye kiti. Hata hivyo natofautiana na Mjomba, na kwa heshima nitasema kwa nini.

Injini hii haitegemei betri. Inajitengenezea cheche yenyewe kwa magneto. Ung'oe betri uitupe, bado itawaka. Ndiyo maana padri aliichagua, na ndiyo maana Babu hakuwahi kulala njiani Tharaka kwa kukosa umeme. Ukiitia selfu na kuifunga kwenye betri, umeitoa katika uhuru huo na kuiingiza katika utumwa wa kuchaji. Pikipiki inayoendeshwa mara moja kwa wiki ndiyo hasa inayoua betri. Baada ya miezi michache utabonyeza kitufe usikie "tik", kimya. Halafu utarudi kwa kiki ile ile! Na ile klachi ya upande mmoja ikichakaa, vipande vyake viko ndani ya injini, si nje. Umenunua ugonjwa mpya kwa pesa zako mwenyewe.

Pia, tundu haliondoki. Kifuniko kikishachongwa, kimechongwa. Injini za ukoo huu zina heshima yake duniani. Yamaha SR400, ambayo injini yake ilitokana na hii ya Babu, iliendelea kuuzwa Japani tangu 1978 hadi 2021, na kwa miaka hiyo yote ilikuwa na kiki peke yake. Nchi yenye umeme kila kona, yenye mafundi wa roboti, na bado watu walitoa pesa zao wanunue pikipiki mpya isiyo na kitufe. Hawakuwa wajinga. Siku hizi Nairobi zimejaa pikipiki za betri tupu ambazo hazina injini ya kuwasha, kwa hiyo hazina kiki wala selfu. Huenda mdogo wangu atakapokuwa mtu mzima, kuiwasha injini kwa mguu litakuwa jambo la kusimuliwa tu, kama kusaga kwa mawe. Angalau moja ibaki nzima aione.

Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba Babu mwenyewe hakuwa ameulizwa. Mjomba aliongea na fundi, fundi akaongea na Mjomba, mimi nikabishana nao wote wawili, na mwenye pikipiki ameketi barazani anakunywa uji. Likizo ya Agosti nilikwenda nikaketi karibu naye nikamuuliza: "Babu, unataka selfu?"

Akacheka. Akasema hana haja ya kuendesha tena. Barabara imejaa malori na macho yake si yale. Anachotaka ni kuisikia ikinguruma kila Jumamosi asubuhi, dakika kumi, ili mafuta yazunguke na yeye ajue iko hai. Selfu ya nini?

Nilipompelekea Mjomba habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo msomaji mwerevu ameshaliuliza. "Sawa, mama. Na ukirudi bweni, Jumamosi nani ataipiga hiyo kiki?" Ndugu yangu ana miaka kumi na moja na kilo zisizofika 30, kwake hata kwa kidirisha haitawezekana. Mimi mwenyewe sina umri wa leseni, kwa hiyo ujuzi wangu unaishia uani, na muhula una wiki nyingi.

Basi nilimfundisha Shangazi. Shangazi huuza maziwa sokoni, hubeba debe kichwani kama wewe unavyobeba daftari, na hakuwa amegusa pikipiki ila kwa kukaa nyuma ya bodaboda. Siku ya kwanza alisukuma kiki bila kutazama kidirisha, akaitukana kwa Kimeru, akaenda zake. Siku ya pili akatazama. Siku ya tatu iliwaka, Babu akapiga makofi kutoka barazani, na Shangazi akakataa kuizima mpaka petroli ikapungua tukaanza kumsihi.

Nimemwandikia Mjomba barua na kumwomba mambo matatu: fundi asilete msumeno, pesa ile iliyotengwa inunue mpira mpya wa kabureta na tairi ya nyuma, na Jumamosi iwe ya Shangazi mpaka nifunge shule. Bado hajanijibu. Shangazi amenitumia habari kupitia simu ya mwalimu wa zamu kwamba wiki iliyopita iliwaka kwa mpigo wa kwanza, akiwa amevaa leso na ndara. Nimemjibu ampe Babu salamu, na aazime viatu vya mvua vya Mjomba kabla ya Jumamosi ijayo.